Je, Serikali Yaweza Kuuchuja Uchafu wa Mtandao?

Bila shaka umepata kumsikia mzazi mwenzako akiuliza, pengine nje ya kanisa baada ya ibada, pengine kwenye foleni ya mashine ya kusaga: "Serikali ina nguvu zote hizi, yashindwa nini kuzifunga hizi picha chafu za kwenye simu?" Swali hilo ni la haki. Anayeuliza hivyo si mtu wa kupenda kuwabana wenzake. Amemwona mtoto wake wa darasa la tano akiificha simu kwa haraka mama alipoingia chumbani, na moyo ukamwenda mbio.

Juma hili twataka kulijibu swali hilo, lakini si kwa maneno ya kubuni. Iko nchi moja ambayo imelihangaikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Imejaribu njia hii, ikaiacha, ikashika nyingine. Imetunga sheria, ikaitupa, ikatunga tena. Nchi hiyo ni Uingereza. Ina fedha, ina mafundi, ina mahakama, na ina magazeti ya kuikosoa serikali kila asubuhi. Yaliyowapata Waingereza yafaa tuyajue kabla hatujamwomba waziri wetu afanye hili au lile.

Chujio hufanyaje kazi?

Mama anapokamua nazi, tui hupita na machicha hubaki. Wengi wetu hudhani kwamba mtandao nao huchujwa hivyo hivyo: vitu vyote hupita mahali pamoja, kilicho safi huenda zake, kilicho kichafu hubaki juu. Sivyo. Mashine haijui uchafu, wala haioni haya. Inachojua ni majina na namba tu.

Simu yako inapotaka kufungua tovuti fulani, kwanza huuliza katika kitabu cha anuani, ambacho mafundi hukiita DNS: "Jina hili linakaa namba gani?" Kitabu hujibu, ndipo simu hufunga safari. Basi njia nyepesi ya kuchuja ni kukiagiza kitabu kisijibu. Ni kama karani wa posta aliyeamriwa kwamba akiulizwa nyumba ya bwana fulani aseme haifahamu. Nyumba ipo, mwenyewe yumo ndani, na taa inawaka. Ni karani tu aliyekataa kusema. Mtu anayemwuliza karani mwingine atafika bila shida.

Njia ya pili ni kuzitazama barua zenyewe. Zamani barua nyingi za mtandao zilikuwa kama kadi za posta, kila aliyezishika njiani aliweza kuzisoma. Siku hizi karibu zote zimetiwa ndani ya bahasha, na hiyo ndiyo maana ya ile herufi "s" unayoiona katika "https" mwanzoni mwa anuani. Kampuni ya simu huona bahasha imeandikwa jina la nani, lakini haioni yaliyomo. Kwa hiyo yaweza kuifunga tovuti nzima. Haiwezi kuufunga ukurasa mmoja na kuuacha wa pili. Litie jambo hili akilini, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Tena kuna hii VPN ambayo vijana huizungumza sana. VPN ni bahasha ndani ya bahasha. Ile ya nje imeandikwa jina la mtu aliye, mathalan, Uholanzi. Yeye huifungua, hutoa ile ya ndani, na kuipeleka inakokwenda. Karani wa hapa ameona barua ya Uholanzi tu, basi. Wala usidhani VPN ni kitu cha wahuni. Mabenki na maofisi huitumia kila siku ili wezi wasizisome habari zao, na ndiyo sababu si rahisi kuipiga marufuku moja kwa moja.

Waingereza waanza

Waingereza walianza na jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulipinga: picha za watoto wanaotendewa maovu. Mwaka 1996 liliundwa shirika liitwalo Internet Watch Foundation, kwa kifupi IWF, kupokea taarifa za picha hizo na kuziondoa. Mwaka 2004 kampuni ya simu ya BT ikaweka mtambo uitwao Cleanfeed, ukawa unazizuia anuani zilizomo katika orodha ya IWF. Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili. Picha ya mtoto anayeteswa si "picha ya watu wazima". Ni ushahidi wa uhalifu uliotendeka, na kila atakayeitazama amemtesa mtoto yule mara ya pili. Sina ugomvi na mtu yeyote anayezifunga hizo, na natumaini wewe pia huna.

Lakini angalia yaliyotokea Desemba 2008. IWF iliutia katika orodha yake ukurasa mmoja wa kamusi elezo ya mtandao iitwayo Wikipedia. Ukurasa huo ulikuwa na picha ya jalada la santuri ya bendi ya Scorpions ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1976, na juu ya jalada alionekana msichana mdogo akiwa uchi. Jalada lenyewe lilikuwa la aibu, hilo halina ubishi. Mtambo ukafanya kama ulivyoagizwa. Ila kwa kuwa sasa wasomaji wa Wikipedia waliotumia kampuni kubwa za Uingereza walipitishwa kwenye mlango mmoja mwembamba, Wikipedia ikawaona wote kama watu wachache tu wenye anuani zile zile. Ikashindwa kumtambua mwema na mharibifu, na Waingereza wengi wakajikuta hawawezi kuandika wala kusahihisha neno lolote katika kamusi nzima. Zilipita siku chache, na tarehe 9 Desemba IWF ikaurudisha ukurasa ule, ikieleza kwamba picha hiyo ilikuwa imeenea mahali pengi kwa miaka mingi.

Hawa walikuwa watu makini, wenye nia njema, wanaoshughulikia jambo moja tu lililo wazi kisheria. Nao walijikwaa. Sasa fikiri itakuwaje mtu akitaka kuchuja kila kilicho "kichafu".

Ahadi ya Bwana Cameron

Tarehe 22 Julai 2013, Waziri Mkuu David Cameron alisimama akatoa hotuba iliyoshangiliwa na wazazi wengi. Alisema kampuni nne kubwa za intaneti, yaani BT, Sky, TalkTalk na Virgin Media, zimekubali kwamba kila nyumba inayounganishwa itaulizwa kama yataka chujio. Tena jibu la "ndiyo" litakuwa limekwisha kutiwa alama tayari. Asiyetaka ndiye atakayepaswa kuifuta alama ile. Mwenye kulipa bili ndiye mwenye uamuzi. Haikuwa sheria ya bunge, ilikuwa mapatano.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Lakini ulipofika Desemba mwaka ule ule, waandishi wa kipindi cha Newsnight cha BBC walizijaribu mashine hizo. Wakakuta kwamba tovuti kadhaa za picha chafu zilipita salama salimini. Wakakuta pia kwamba chujio la TalkTalk lilikuwa limeifunga tovuti ya kuwafundisha vijana elimu ya uzazi, na limeiandika tovuti ya kituo cha mjini Edinburgh kinachowahudumia wanawake waliobakwa kuwa ni ya ponografia. Hebu mfikirie binti wa miaka 15 aliyetendewa jambo baya na mtu wa nyumbani kwao. Usiku, peke yake, anaitafuta anuani ya mahali pa kusaidiwa, na simu inamwambia kwamba anachokitafuta ni uchafu. Hilo ndilo kosa la chujio ambalo halionekani, kwa sababu binti yule hataandika barua gazetini kulalamika.

Kosa la namna hii si geni. Tangu mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, huko huko Uingereza, walikataliwa kujiandikisha na kampuni ya AOL kwa kuwa ndani ya jina la mji wao, ukilikata vipande, mna tusi la Kiingereza. Mji una karne nyingi na una watu wake waungwana. Mashine haikujua hayo, iliona herufi tu.

Na je, wazazi waliipokeaje zawadi ya Bwana Cameron? Julai 2014 Ofcom, ambayo ni mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ilitoa hesabu ya wateja wapya waliolikubali chujio. BT walikuwa asilimia 5, Sky asilimia 8, Virgin Media asilimia 4. TalkTalk peke yao, waliokuwa wameanza tangu 2011, walifika asilimia 36. Yaani katika nyumba 100 zilizopewa kufuli bure, kwa kampuni tatu kati ya nne, zaidi ya 90 zilikataa. Nyingine hazikuwa na watoto, ni kweli. Lakini tukiongea kwa ukweli, wazazi wengi hupenda serikali ifunge mlango wa jirani.

Huko Australia nako walikwisha kuonja. Mwaka 2007 serikali yao iliwagawia wananchi programu za kuchuja bila malipo, katika mpango uliogharimu dola milioni 84 za nchi hiyo. Kijana wa miaka 16 wa mjini Melbourne aliizunguka kwa nusu saa hivi. Baadaye Seneta Stephen Conroy, aliyekuwa waziri, alitaka chujio la lazima kwa nchi nzima, lenye orodha ya siri. Machi 2009 orodha iliyosemekana kuwa ya mamlaka ikachapishwa na WikiLeaks, na ndani yake watu wakakuta tovuti ya daktari wa meno wa Queensland. Waziri alipoulizwa katika televisheni akaeleza kwamba tovuti ile ilikuwa imevamiwa na wahalifu wa Urusi. Huenda ndivyo. Lakini daktari masikini angalijuaje kwamba yumo katika orodha, ikiwa orodha ni siri? Novemba 2012 mpango ukaachwa, na kampuni zikaagizwa kufunga tu zile tovuti za mateso ya watoto zilizoorodheshwa na polisi wa kimataifa, Interpol.

Kutoka chujio mpaka cheti cha kuzaliwa

Turudi Uingereza. Wakubwa walipoona kwamba kumzuia mnunuzi njiani kumekuwa kazi, waligeuka wakamwendea mwenye duka. Hii, kwa maoni yangu, ilikuwa fikira bora zaidi. Kwa nini? Hatumwekei askari kila mtoto anayepita barabarani ili asinunue pombe; twamwambia mwenye baa asimwuzie. Akimwuzia, leseni itafutwa.

Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 2017. Kila tovuti ya biashara ya picha chafu ilitakiwa kuthibitisha umri wa mtazamaji, na kazi ya usimamizi ikapewa bodi ile ile inayokagua sinema. Sheria ilikuwa ianze Aprili 2018, ikaahirishwa. Ikapangiwa tarehe 15 Julai 2019. Ikiwa imebaki chini ya mwezi mmoja, waziri akasimama bungeni akakiri kwamba maofisa walisahau kuiarifu Tume ya Ulaya kama ilivyotakiwa na taratibu. Ikaahirishwa tena. Tarehe 16 Oktoba 2019 serikali ikatangaza kwamba haitaanza kabisa.

Wakati huo watoto walikuwa wanaendelea kukua. Januari 2023 Kamishna wa Watoto wa England, Bibi Rachel de Souza, alitoa ripoti baada ya kuwahoji vijana wa miaka 16 hadi 21. Umri wa wastani ambao walikuwa wameona ponografia mara ya kwanza ulikuwa miaka 13. Asilimia 27 waliiona kabla ya kumaliza miaka 11, na asilimia 10 walikuwa wameiona walipofika miaka 9. Miaka 9, msomaji! Huyo ni mtoto ambaye meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka. Tena wengi hawakuitafuta kamwe. Waliikuta tu, au mwenzao aliwaonyesha. Na mengi waliyoyaona yalikuwa ya kuwapiga na kuwadhalilisha wanawake, ambayo mtoto asiyejua lolote huyachukua kuwa ndiyo desturi ya watu wazima.

Basi ikatungwa sheria mpya, Sheria ya Usalama Mtandaoni, iliyotiwa sahihi tarehe 26 Oktoba 2023. Hii ina meno. Ofcom yaweza kuitoza kampuni pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, yoyote iliyo kubwa zaidi. Kuanzia tarehe 25 Julai 2025, tovuti yoyote yenye ponografia inayofikiwa na Waingereza yapaswa kumtambua mtoto na kumzuia, wala haitoshi kumwuliza "Je, umetimiza miaka 18?" na kumwachia abonyeze "ndiyo". Mtazamaji aonyeshe kadi ya mkopo ya benki, au hati ya serikali, au kampuni yake ya simu imthibitishe, au aitazame kamera na mashine iukadirie umri wake kwa sura.

Nini kilitokea? Siku zile zile programu za VPN zilipanda mpaka juu kabisa katika orodha ya zinazopakuliwa Uingereza. Kampuni ya Proton ilisema wateja wapya wa VPN yake waliongezeka kwa asilimia 1,400. Vijana wengine waligundua kwamba mashine ya sura iliyotumiwa na mtandao wa Discord yadanganyika: ukiielekeza kamera kwenye uso wa mhusika wa mchezo wa kompyuta, mwanamume mwenye ndevu, mashine yasema, "Karibu, bwana." Watu zaidi ya 400,000 walitia sahihi zao kuomba sheria ifutwe.

Hata hivyo tusiwacheke Waingereza upesi. Kwa hesabu za kampuni ya Similarweb, wageni wa tovuti iliyo kubwa kupita zote za aina hiyo walipungua karibu nusu katika majuma mawili ya kwanza. Wengine walikwenda kwa VPN, na wengine walihamia tovuti zilizokaidi sheria, hilo ni kweli. Lakini mtoto wa miaka 9 aliyebonyeza mahali kwa bahati mbaya haendi kutafuta VPN. Yeye amekuta mlango umefungwa, akarudi kuchezea vitu vyake. Sheria hii haimzuii kijana wa miaka 17 aliyekwisha kunuia. Yamzuia mdogo wake. Nami naona faida hiyo si ndogo. Desemba 2025 Ofcom iliitoza kampuni moja yenye tovuti kadhaa faini ya pauni milioni 1 kwa kutopima umri ipasavyo, ikaonekana kwamba maneno si ya kutishia tu.

Lipo deni upande wa pili. Oktoba 2025 Discord ilitangaza kwamba wezi wa mtandao waliivamia kampuni iliyokuwa ikiihudumia, na picha za hati za vitambulisho za watu wapatao 70,000 zikawa hatarini, nyingi zikiwa za watu waliozituma ili kuthibitisha umri wao. Pasipoti ikiibwa nyumbani mtu huenda polisi akapata nyingine. Picha yake ikiibwa mtandaoni, haina kurudi. Kadhalika, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilizipima mashine za kukadiria umri kwa sura mwaka 2024, ikaona kwamba makosa yake hutofautiana kwa jinsia na kwa nchi ambayo mtu ametoka. Sisi wenye nyuso za Kiafrika yafaa tuulize swali hilo mapema, kabla mashine hizo hazijaletwa kwetu zikiwa zimepimwa kwa nyuso za wengine.

Na huku kwetu?

Kwa jirani zetu Uganda, sheria ya kupinga ponografia ilitiwa sahihi mwaka 2014. Padre wa zamani Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Maadili, alitangaza mwaka 2016 kwamba mashine ya kugundua picha chafu itanunuliwa kutoka Korea Kusini. Julai 2018 Tume ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za intaneti kufunga tovuti 27. Lakini angalia tarehe. Siku ya kwanza ya mwezi ule ule Uganda ilikuwa imeanza kutoza shilingi 200 kwa siku kila anayetumia Facebook, WhatsApp na mengineyo, na watu wengi walikwisha kuweka VPN simuni ili kuikwepa kodi. VPN ile ile iliyokwepa kodi ikapita na kufuli la picha chafu. Mkono mmoja wa serikali uliwafundisha watu kuruka ukuta ambao mkono wa pili ulikuwa unaujenga. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikavibatilisha vifungu vya sheria hiyo ya 2014.

Tanzania nayo ilitunga Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, za 2018 kisha za 2020, zinazokataza ponografia. Oktoba 2023 mamlaka ya TCRA iliwataka wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa nchini. Waziri Jerry Silaa alieleza kwamba sababu ni ponografia, ambayo X walikuwa wameiruhusu rasmi mwaka 2024. Jambo hilo la X ni kweli tupu, waliiruhusu. Lakini kufungwa kwenyewe kulikuja katika siku zile ambapo akaunti ya Jeshi la Polisi ilikuwa imevamiwa na wahalifu, tena katika mwaka wa uchaguzi mkuu, na wapo waliosema kwamba kilichofungwa hasa ni midomo. Msomaji ana akili zake, atapima.

Mimi nasema hivi. Kumbuka ile bahasha: serikali haiwezi kufunga ukurasa mmoja wa X na kuuacha mwingine. Ikifunga, imefunga vyote, uchafu pamoja na tangazo la hali ya hewa, mbunge pamoja na mkosoaji wake, muuza vitenge pamoja na mwanafunzi anayefuata masomo. Kwa hiyo mahali popote penye kufuli la namna hiyo yafaa pawe na mtu mwingine, mbali na aliyefunga, mwenye haki ya kuitazama orodha na kuuliza: "Huyu daktari wa meno ametenda nini?" Uingereza wana mahakama na magazeti yao, na bado walijikwaa. Neno "maadili" ni neno zuri mno kuachiwa litumike kama shuka la kufunikia mambo mengine.

Tena kuna jambo ambalo mawaziri wa nchi zote hulikuta mwishoni. Chujio, hata liwe la dhahabu, halioni kinachopita ndani ya WhatsApp, kwa kuwa barua zile zimefungwa tangu simu hii mpaka simu ile. Halijui kitu juu ya memori kadi iliyojazwa picha na kupitishwa mkono kwa mkono nyuma ya darasa. Halijui kaka wa binamu aliyekuja likizo na simu kubwa.

Unachoweza kufanya leo

Wewe baba, wewe mama, hulazimiki kuingoja serikali. Kile kitabu cha anuani tulichokieleza hapo juu waweza kukibadilisha mwenyewe. Kampuni ya Cloudflare ilianzisha mwaka 2020 kitabu cha bure kwa ajili ya familia, kisichojibu majina ya tovuti za ponografia wala za virusi. Katika simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 9, fungua mipangilio, tafuta mahali palipoandikwa Private DNS, uandike: family.cloudflare-dns.com. Basi. Hufanya kazi ukiwa kwa bando na ukiwa kwa waya wa nyumbani. Huzuia vingi, si vyote, na mara moja moja hukosea kama wenzake. Mtoto mkubwa mwenye akili aweza kukiondoa. Kwa mtoto mdogo anayekutana na mambo kwa ajali, kinatosha sana.

Lakini kabla ya simu, zungumza naye. Najua desturi zetu. Mambo haya zamani alisema shangazi, au bibi, au somo, wala si mzazi aliyesema na mtoto wake ana kwa ana. Shangazi siku hizi yuko Mwanza na mtoto yuko Temeke, na simu haikusubiri nauli ya basi. Basi mpigie shangazi mwenyewe, au jikaze useme wewe, kwa maneno machache: kwamba huenda siku moja ataona picha za watu wakifanya mambo ya chumbani, kwamba wengi wa watu wale wanaigiza kwa fedha na wengine wamelazimishwa, na kwamba akiona aje akwambie na hatapigwa. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa maana ukishaliahidi itakubidi ulitimize. Mtoto aliyepigwa mara moja kwa sababu alisema ukweli hatakuja mara ya pili, na mtu mzima mwovu anayewawinda watoto mtandaoni hulijua jambo hilo kuliko wewe.

Ikiwa mtoto ana simu yake mwenyewe, kuna programu ya Google iitwayo Family Link, ya bure, inayokuwezesha kuona programu anazotaka kuweka na kuzikubali au kuzikataa ukiwa kazini. Katika simu za iPhone kazi hiyo hufanywa na mahali paitwapo Screen Time. Weka simu zote zilale sebuleni usiku, pamoja na yako wewe, maana watoto hutazama tunavyofanya. Na ikiwa mambo ya mipangilio yanakushinda, mwombe kijana wa duka la simu akusaidie, umpe na soda. Ila neno la siri liandike wewe mwenyewe, fundi akiwa ameangalia pembeni, wala usiweke mwaka uliozaliwa mtoto, kwani hilo ndilo atakalojaribu kwanza.